Maji Meupe, Tongo la Manjano: Macho ya Simbilisi wa Eastlands

Maji meupe yakionekana kwenye jicho la simbilisi, watu wengi wa Eastlands, Nairobi, hufanya moja kati ya mambo mawili: hukimbilia kemisti, au hunyamaza wakitumaini yatakauka yenyewe. Mara nyingi maji hayo si ugonjwa hata kidogo. Na mara nyingi tongo la manjano, ambalo ndilo lililostahili kukimbiliwa, hufutwa kwa kitambaa kila asubuhi, wiki baada ya wiki, mpaka jicho linaingia chamba. Hofu imekwenda pasipo hatari, na hatari imeachwa bila mtu wa kuihofia.

Simbilisi, ambaye watoto wa Buruburu, Umoja na Donholm humwita ginipigi, ameingia katika nyumba zetu kwa sababu anaelewana nazo. Hahitaji uwanja, habweki, hali nyama, na kona ya veranda inamtosha. Kivu Kusini, nchini Kongo, na pia katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hufugwa kwa ajili ya nyama, na mara nyingi huachiwa atembee jikoni karibu na moshi wa kuni. Kwetu ni mnyama wa mtoto, na tofauti hiyo ina uzito katika habari hii ya macho. Mnyama wa kitoweo haishi muda mrefu kiasi cha meno yake kumharibia jicho. Mnyama wa mtoto anatarajiwa kufika miaka 5 hadi 7, na katika miaka hiyo kila kosa la chakula, la matandiko na la hewa hulimbikizana. Mahali pa kwanza linapojitokeza ni machoni.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba jicho la simbilisi ni nadra kuugua peke yake. Linapotoa uchafu, swali la maana ni kile kilichotokea kwingine: kizimbani, sahanini, mdomoni, au katika hewa ya nyumba.

Tuanze na lililo la kawaida, kwa kuwa ndilo linalotisha bure. Simbilisi anapojisafisha, jicho hutoa majimaji meupe, mepesi, kama maziwa yaliyozimuliwa kwa maji. Hutoka ghafla. Yeye huyapokea kwa miguu ya mbele na kujipangusa nayo uso mzima, tangu puani hadi nyuma ya masikio. Baada ya dakika moja au mbili hakuna kilichobaki: jicho liko wazi, linang'aa, na manyoya ya kando yake ni makavu. Nyuma ya jicho ana tezi kubwa inayoitwa tezi ya Harder, kwa jina la Johann Jacob Harder aliyeieleza mwaka 1694, ambayo hutoa majimaji yenye mafuta ya kulilinda jicho. Ulinzi huo anauhitaji, kwa sababu simbilisi hupepesa kope kwa nadra sana. Macho yake ni makubwa, yamechomoza pembeni mwa kichwa ili amwone adui kutoka kila upande, nayo hukaa wazi karibu saa zote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni muda, na rangi inafuata baadaye. Majimaji meupe yanayokuja na kuondoka mara chache kwa siku, wakati wa kujisafisha, yaache. Majimaji hayohayo yakitoka mfululizo na kulowesha manyoya chini ya jicho mchana kutwa, hayo si ya kujisafisha hata yawe meupe namna gani. Chembe moja kavu kwenye pembe ya jicho asubuhi, ambayo ukishaifuta hairudi, si habari. Ikirudi jioni na kesho yake, imekuwa habari. Na kwa suala hili la muda, shahidi bora nyumbani ni mtoto. Mzazi anayeondoka Kayole alfajiri na kurudi usiku baada ya foleni ya Jogoo Road humwona mnyama kwa dakika chache chini ya taa hafifu. Mtoto aliyetoka shule saa kumi ndiye aliyemwona akijipangusa. Muulize yeye kabla ya kununua chochote.

Upande wa pili, dalili zinazotia wasiwasi hazifichiki ukizijua. Uchafu wa manjano au wa kijani ni usaha. Kope zilizogandamana asubuhi, weupe wa jicho uliogeuka mwekundu, jicho linalofumbwa nusu kana kwamba mwanga unaliumiza, uvimbe wa kope: hayo yote yanataka daktari wa mifugo siku hiyohiyo au kesho yake. Mambo manne hayangoji kesho. La kwanza ni ukungu wa buluu au chamba cheupe juu ya mboni. La pili ni jicho lililofumbwa kabisa na mnyama hataki liguswe. La tatu ni jicho lililotokeza nje kuliko mwenzake. La nne, ambalo wengi hawalihusishi na macho, ni kukataa chakula. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, na maumbile yamemfundisha kuficha maumivu. Akifikia kuacha nyasi, ameshaumwa kwa muda. Tumbo lake limeumbwa lifanye kazi bila kupumzika, na likikaa tupu siku nzima huanza kusimama. Hapo ndipo jicho lililoanza kama jambo dogo hugeuka kuwa suala la uhai.

Angalia pia kama ni jicho moja au yote mawili. Jicho moja huelekeza kwenye jeraha, kitu kilichoingia, au mzizi wa jino. Yote mawili huelekeza kwenye hewa, maambukizi au upungufu wa chakula. Kanuni hii huvunjika mara kwa mara, ila ni pazuri pa kuanzia.

Sasa visababishi, na hapa sitavipanga kama vitabu vya Ulaya vinavyovipanga, kwa kuwa nyumba zetu zina mpangilio wao. Naanza na hewa. Mkojo wa simbilisi ukikaa kwenye matandiko, bakteria huuvunja na kutoa amonia, gesi ileile inayochoma pua katika choo kisichosafishwa. Mtu mzima aliyesimama haisikii. Mnyama anayelala sentimita mbili juu ya matandiko huivuta usiku kucha, na macho yake ambayo hufumbwa kwa nadra huilipia. Piga magoti, ingiza uso wako hadi usawa wa matandiko, vuta pumzi. Ukisikia ukali wowote, umeshapata sehemu kubwa ya jibu.

Najua ugumu uliopo. Maji ya Nairobi huja kwa mgawo, na katika ghorofa za Pipeline na Tassia mtungi wa lita 20 hununuliwa na kubebwa ngazi kwa ngazi. Hakuna atakayemaliza mtungi kuosha kizimba kila siku, wala haihitajiki. Simbilisi huchagua kona moja au mbili za kukojolea. Weka tabaka nene za gazeti chini, matandiko juu, na kila siku ondoa kona iliyolowa pamoja na gazeti lake, sehemu kavu ibaki. Mara moja kwa wiki ondoa vyote, upanguse sakafu ya kizimba kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu siki huyeyusha ule ukoko mweupe wa mkojo ambao sabuni haiuwezi. Hiyo ni kazi ya kikombe kimoja cha maji.

Kisha kuna matandiko yenyewe. Maranda ya mafundi seremala wa Gikomba ni ya bei ndogo, na wengi huyatumia. Ubaya wake uko mara mbili. Ndani ya gunia la maranda mna unga mwingi wa msumeno, na unga huo hupaa kila mnyama anapokimbia. Tena mbao nyingi za karakana zetu ni za msonobari na saiprasi, miti yenye mafuta ya harufu kali yanayowasha macho na njia ya hewa, na siku hizi huchanganyika na vumbi la mbao za kushindiliwa ambazo zina gundi. Kama hakuna jingine, chekecha unga utoke, uyaanike juani siku kadhaa, uyatumie yaliyo mapana tu. Nyasi kavu juu ya gazeti ni bora kuliko yote hayo.

Moshi nao tusiusahau. Anayeishi Dandora au Kariobangi anajua siku ambazo jaa la Dandora linawaka na upepo unaelekea kwake. Macho ya watu hutoa machozi, ya mnyama yataachaje? Na mwezi wa Julai, baridi inapobana na madirisha kufungwa, jiko la makaa huingizwa ndani. Makaa ni hatari kwa familia nzima katika chumba kilichofungwa kabla hata hatujamfikia mnyama. Kizimba kisiwe karibu na jiko, wala kisiwekwe mlangoni panapopita upepo wa baridi.

Kutoka hewani niende sahanini, maana hapa ndipo naona kosa kubwa zaidi, nalo hufanywa kwa nia njema. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake. Sungura anaweza. Agroveti nyingi huuza chakula cha vidonge cha sungura, na mfugaji hununua hicho akidhani wanyama hawa wawili ni ndugu. Chakula cha sungura hakiwekewi vitamini C kwa kuwa sungura haihitaji kutoka nje. Simbilisi anayekula hicho pamoja na nyasi kavu pekee huanza kupungukiwa ndani ya wiki mbili au tatu. Manyoya hukauka, viungo huvimba, hasogei kwa furaha, kidonda kidogo hakiponi, na macho hutoa ukoko. Mwenye mnyama huona ukoko huo kwanza kwa sababu uko usoni. Magoti yaliyovimba yamefichwa na manyoya.

Jambo hili lina historia inayopaswa kujulikana na kila anayemfuga mnyama huyu. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich, katika jiji la Norwei linaloitwa Oslo siku hizi, walikuwa wakitafuta chanzo cha ugonjwa wa mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka peke yake na wakashangaa kuwaona wakipata kiseyeye, ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa binadamu tu. Walipoongeza mboga mbichi na ndimu, wanyama walipona. Njia iliyofika kwenye ugunduzi wa vitamini C ilipitia katika mwili wa mnyama huyu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye hapana sababu ya yeye kuugua kiseyeye Umoja Innercore, hatua chache kutoka kibanda cha mama mboga.

Mahitaji yake ni madogo: miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, na kama 30 akiwa mgonjwa au mjamzito. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80, kwa hiyo kipande kidogo kila siku kinamtosha. Sukuma wiki nayo ni nzuri, na majani ya karoti, giligilani na terere husaidia kubadilisha ladha. Ila omba majani mazima. Sukuma iliyokatwakatwa tangu asubuhi na kukaa juani hupoteza vitamini hiyo saa baada ya saa, na ya kupikwa haifai kabisa. Dawa ya vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa siishauri. Huharibika upesi ikikutana na mwanga, na humfanya mnyama ayakatae maji. Nyasi kavu za boma rhodes zibaki kuwa sehemu kubwa ya mlo kila siku, na sababu yake ni meno.

Meno ya simbilisi, ya mbele na ya magego, hukua maisha yake yote. Nyasi ngumu ndizo zinazoyasugua na kuyapunguza. Akilishwa ugali, mkate na karoti laini, magego hurefuka, na yakikosa pa kwenda mbele husukuma mizizi nyuma. Mizizi ya magego ya juu iko jirani na tundu la jicho na mfereji wa machozi. Mfereji ukibanwa, machozi yanayopaswa kushuka puani humwagika usoni, na utaona jicho moja linalotoa maji safi kwa wiki kadhaa bila wekundu mkubwa. Usaha ukijikusanya kwenye mzizi, jicho husukumwa nje. Daktari anayeletewa simbilisi mwenye jicho la namna hiyo ataangalia mdomo kabla hajaangalia dawa ya macho, na mwenye mnyama asishangae. Simbilisi anayedondosha mate, anayeokota chakula kisha kukiacha, au aliyepungua gramu 50 hadi 100 kwa wiki amekwisha kutoa ushahidi. Mizani ya jikoni, mara moja kwa wiki, hugundua magonjwa mengi kabla ya macho yetu.

Jeraha ni jambo la haraka. Bua moja gumu la nyasi, au ganda la mbegu lililonasa chini ya kope, hukwaruza konea, na mkwaruzo huo ukiachwa huwa kidonda kinachoweza kutoboka. Daktari hutia tone la rangi ya fluorescein na kumulika: palipokwaruzwa hung'aa kijani. Bila kipimo hicho hakuna mtu, hata mwenye uzoefu, anayeweza kusema kwa hakika kama konea ni nzima. Kumbuka sentensi hiyo tutakapofika kemisti.

Maambukizi nimeyaweka nyuma makusudi, kwa sababu watu huyaweka mbele. Bakteria aitwaye Chlamydia caviae, ambaye ugonjwa wake wa macho ulielezwa miaka ya 1960, huwashika hasa watoto wa simbilisi wa mwezi mmoja au miwili, huwapa macho mekundu yenye ute, na wengi hupona. Ni jamaa wa bakteria wa trakoma inayopofusha watu katika kaunti kavu kama Turkana na Kajiado, na ukaribu huo uliwafanya watafiti wa trakoma wamtumie simbilisi kwa miaka mingi. Kuna pia Bordetella bronchiseptica, ambaye namhofia zaidi. Sungura na mbwa wanaweza kumbeba bila kuugua. Simbilisi akimpata, hutoa makamasi na matongo, kisha nimonia, na anaweza kufa kwa siku chache. Wauzaji wengi huwaweka sungura na simbilisi katika kizimba kimoja. Ukinunua hapo, mtenge mgeni wako kwa wiki mbili hadi tatu kabla hujamchanganya na uliyenaye. Macho yenye ute pamoja na kupiga chafya au kupumua kwa shida si tatizo la macho tena.

Wazazi huuliza kama mtoto anaweza kuambukizwa. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi waliripoti watu watatu waliolazwa kwa nimonia kali iliyotokana na Chlamydia caviae baada ya kuwa karibu na simbilisi. Ni jambo la nadra sana, lakini linatosha kuhalalisha kunawa mikono kwa sabuni na kumzuia mtoto asimbusu mnyama mwenye tongo. Na mtu wa nyumba hiyo akipata nimonia, amtajie daktari kwamba kuna simbilisi mgonjwa nyumbani.

Tumefika kemisti. "Daktari, nipatie dawa ya macho," mama husema, na aliye nyuma ya kaunta, ambaye kwetu huitwa daktari hata asipokuwa, hutoa tyubu. Mara nyingi ni marhamu ya tetracycline, ileile inayopakwa macho ya watoto wachanga na kugawiwa dhidi ya trakoma. Kwa mtoto ni dawa njema. Simbilisi hupangusa uso, hulamba miguu, na dawa inaishia tumboni. Tumbo lake linategemea jamii ya bakteria wanaochachusha nyasi, na antibiotiki kadhaa zikimezwa huwaua hao na kuwaachia nafasi wale watoao sumu. Mnyama huharisha na kufa kwa siku chache, huku mwenye mnyama akiamini ameuawa na macho. Mbaya zaidi ni sharubati ya amoxicillin iliyobaki baada ya mtoto kupona kifua. Amoxicillin, ampicillin, penicillin na clindamycin kwa mdomo ni sumu kwa simbilisi, kwa kipimo chochote utakachokadiria kwa kijiko. Hatari ya pili imo katika matone yaliyochanganywa na steroidi, kama dexamethasone au betamethasone. Hupunguza wekundu kwa siku moja, mtu akafurahi. Kama konea ilikuwa imekwaruzwa, steroidi huzuia kidonda kisifunge, nalo jicho hutoboka.

Nasema haya nikijua kwa nini watu huenda kemisti: iko chini ya ghorofa, na daktari wa mifugo hayupo. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, na shirika la ulinzi wa wanyama la KSPCA liko Langata Road upande wa Karen. Kwa mtu wa Komarock hizo ni safari za kuvuka jiji zima. Agroveti za mitaani zimezoea kuku na mbwa. Hata hivyo, tangu sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, kila anayetibu wanyama anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa na kama amewahi kutibu simbilisi. Asiyewahi na akakubali kusema hivyo, kisha akampigia mwenzake, ni wa kuaminiwa kuliko anayechoma sindano papo hapo.

Wakati unajipanga kwenda, fanya machache. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, yaache yapoe hadi vuguvugu. Lainisha ukoko kwa pamba, ukipangusa kutoka pembe ya ndani kwenda nje, na kila jicho lipate pamba yake. Usitie maziwa ya mama, majani ya chai wala asali. Mtenge na wenzake ila wasikilizane. Badilisha matandiko yote, mpe hoho, mpime uzito na uuandike.

Siku ya safari usimnyime chakula. Simbilisi hawezi kutapika, na njaa humdhuru kuliko safari ya matatu. Mweke katika boksi lenye matundu, nyasi tele na kipande cha tango cha kumpa maji, lifunike kwa leso upepo wa dirisha usimpige, na ukae mbali na spika. Beba picha ya kizimba na mfuko wa chakula anachokula, maana daktari mzuri atauliza hayo kabla ya kuuliza lolote kuhusu jicho. Akiandika antibiotiki, muulize kama ni salama kwa simbilisi; enrofloxacin na trimethoprim iliyochanganywa na salfa ndizo madaktari wanazozitegemea zaidi, kwa kipimo kinachofuata uzito ule ulioandika.